Wembe na Pakanga

Mimi sioni. Vidole vyangu ndivyo vyenye macho,
navyo vilimjua Kuniaki Hosomizo kabla sijaambiwa jina:
bega gumu, ubao wa kukatia samaki,
na mshipa wa kifundo cha mkono ukibisha
mlango usiofunguliwa.

Kinyozi, miaka thelathini na mitano, hapa hapa Kanazawa.
Siku moja, koo la mteja chini ya wembe,
wazo likamjia: je, nikikata?
Hakukata. Wazo lakini halikwenda kwao.
Akafunga duka, akakaa nyumbani
kuulinda mkono wake mwenyewe kama mfungwa.

Daktari Nishiwaki akamlaza siku saba.
Bila redio, bila gazeti, bila wa kuongea naye,
dari tu, na theluji ikiporomoka paani.
"Hofu usiifukuze," alimwambia.
"Usiiandalie chai, wala usiisukume nje."
Jioni nilikuja na pakanga yangu kavu,
nikaifinyanga punje ndogo ndogo, nikaziwasha kifundoni,
nikazizima kabla hazijauma.
Hatukusema neno. Moshi ulitosha.

Siku ya nane akapewa ufagio.
"Mkono unatetemeka."
"Basi fagia kwa mkono unaotetemeka."
Nilimsikia uani: fya, fya,
kisha kimya,
kisha fya.

Halafu akaketishwa nyuma ya kiwambo cha karatasi
na maswali matatu, toka alfajiri hadi usiku:
Mama alikupa nini?
Ulimrudishia nini?
Ulimsumbua kwa lipi?
La nne, mama alikukosea nini, haliulizwi.
Maskini, ndilo pekee alilokuwa amelijibu kichwani.

Siku ya tatu, sindano nane mgongoni, akanena na godoro:
"Wembe nilijifunzia kichwani pake.
Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikamkata sikio.
Akasema, ni baridi tu hiyo,
akajifunga mtandio mpaka miplamu ikachanua
baba asije akaona.
Sikumbuki kumwambia pole."

Akalia, na sindano zikacheza mgongoni
hata nikalazimika kuzishika.

Sisemi pakanga ndiyo iliyomponya.
Nishiwaki naye hasemi ni maswali.
Hilo tunaligombania kila Ijumaa kwenye tambi,
na anayeshindwa hulipa. Nimelipa mara nyingi.

Machi akafungua duka. Mteja wa kwanza, mimi.
Taulo la moto. Povu. Wembe ukinolewa
kwenye ukanda wa ngozi, huku na huku,
muda mrefu kuliko inavyohitajika.
Kisha mkono ukaja kooni kwangu,
unatetemeka, ule ule,
nikauhesabu kama ninavyohesabu mapigo ya mgonjwa.

"Unausikia?" akauliza.

"Nausikia," nikasema.
"Na chini ya taya, kushoto, umeacha ndevu."