Hamsini au Arobaini

Mtaa wa Luthuli, ghorofa ya tatu, mlango usio na jina.
Fundi Muthengi alizilaza mbili juu ya taulo la bluu
kama mkunga anayeonyesha pacha:
ya milimita hamsini, nyembamba, imekwaruzika ukingoni;
ya arobaini, nzito kama kopo la rangi,
jicho limefura, linameta zambarau.
"Hii," akasema, "inameza mpaka masikio yako."
Bei yake nayo ilimeza karo ya muhula mzima.

Nilitaka ya arobaini, nakiri.
Nilitaka Ngong yote, kifundo hadi kifundo,
na mawingu ya Aprili, na tambarare hadi Kitengela,
yote ndani ya mraba wa sentimita sita.
Muthengi akapuliza vumbi. Hakubishana.
"Mtaka yote..." akaanza, kisha akaenda kuchemsha chai,
akaniachia methali nusu niimalizie mwenyewe.

Nikachukua ya hamsini. Kwa ukata, si kwa busara.

Saa kumi na mbili na robo, nje kidogo ya Tuala,
umande umepenya hadi kwenye soksi.
Nachungulia kamera toka juu, kama mtu na kisima.
Kulia kumekuwa kushoto,
na milima, wapi milima?
Vile vifundo vinne vya dirisha la bafu letu Lang'ata
vimekuwa chunjua nne juu ya mstari.

Hilo hukuambiwi dukani.
Lenzi pana haivuti. Inafukuza.
Kila ulichokipenda inakisukuma nyuma kabisa,
halafu inakuuliza, umeshapiga magoti:
pana nini hapa, miguuni pako?

Nikarudi nyuma hatua kumi. Ikawa vibaya zaidi.
Nikasogea mbele. Nikashusha tripodi hadi kiunoni, hadi gotini,
nikasubiri kiputo cha pima maji kitulie,
maana ukiinua pua ya kamera kidogo tu
nguzo zote za stima zinalewa.
Mbele yangu: jiwe la mpaka, saruji na chokaa,
na nyuma yake ubao, SHAMBA HILI HALIUZWI,
rangi nyekundu imechuruzika kutoka kwenye I ya mwisho.
Kipenyo kumi na sita. Fokasi mita tatu, si milimani.
Kichujio cha machungwa. Waya wa kufyatulia. Pumzi.

Fremu nne za kwanza ziliharibika:
jua lilikuwa mgongoni, na kivuli changu
kimejinyoosha nyasini mpaka kwenye jiwe
kama mrithi asiyealikwa.

"Unapima?"
Kijana, mbuzi sita, sweta ya shule isiyo na kiwiko.
Tripodi huku watu wanaijua kwa kazi moja tu.
"Hapana. Napiga picha ya milima."
Akaitazama milima. Akaitazama lenzi, imelielekea jiwe.
"Milima iko kule."
Ubao ule, akasema, aliuandika nyanya yake
kwa brashi ya kupakia viatu.
Nikampisha achungulie. Akakaa kimya muda mrefu,
akipeleka kichwa kushoto, dunia ikienda kulia.
"Mbona shamba letu limekuwa kubwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa.
Wauza viwanja wanalo, wako nazo lenzi kama hizi.

Filamu niliisafisha usiku, bafuni, taulo chini ya mlango.
Fremu ya tisa ndiyo.
Muthengi aliiweka juu ya kioo chenye taa,
akainama na kikuzio,
akairuka milima, akayaruka mawingu niliyoyavizia saa nzima.
"Nambari ya jiwe inasomeka," akasema,
akaisoma, tarakimu moja moja, kwa sauti.
"Mpelekee yule bibi nakala. Kubwa."

Nilipeleka. Ameitundika juu ya pipa la maji,
na mgeni akifika humwonyesha jiwe kwanza.

Bado naitamani ile ya arobaini.