Chai Ipo

Mwaka wa kwanza Valdivia nilihesabu mvua.
Siku kumi na tisa mfululizo, Mei ile,
viatu vyangu juu ya bomba la joto
vikinuka mbwa aliyelowa.

Nilitoka Quellón, kisiwani, kwa feri na basi,
na gunia la viazi vya zambarau
alilonifungia mama
kana kwamba huku bara watu hawali.
Darasani, nilipofungua kinywa,
vijana wa Santiago waligeuka.
Si kwa ubaya. Waligeuka tu,
kama mtu aliyesikia bawaba ikilia.
Sisi wa kisiwani humeza herufi;
S zetu huzama kabla ya kufika nchi kavu.
Nikafumba kinywa. Nikawa mtu wa daftari.

Chakula nilikila ngazini, maktaba,
pale mashine ya kahawa inapoguna peke yake,
na ndipo nilipoiona karatasi, imebandikwa upande:
Wanatafutwa wasomaji. Malipo hakuna. Chai ipo.
Sitadanganya. Chai ndiyo iliyonipeleka,
chai, na jiko la kuni nililoliona dirishani.

Bi Hortensia Barrientos hakuniuliza alama zangu.
Alinipa kinasa sauti na kitabu cha sheria ya maji,
kurasa mia sita na ishirini.
"Mwenyewe haoni. Mtihani ni Julai.
Ukikosea usiombe radhi, rudia sentensi."

Nikasoma.
Mito, mifereji, kingo,
haki ya jirani wa chini
mbele ya jirani wa juu anayeziba.
Nikasoma na mafua. Nikasoma na njaa.
Ukurasa wa mia mbili na kitu nilipiga chafya,
nikacheka, nikasahau kufuta.
Mwanzoni nilizitamka S zote,
nimezipanga kama meno ya bandia;
kufikia sura ya nne taya zilichoka,
nikasoma kama nyumbani.

Juni, mtu akabisha hodi.
Kijana mrefu, fimbo nyeupe, koti linachuruzika.
"Wewe ndiye mafua?"
Eleuterio Catrileo, mwaka wa tatu, mtu wa Panguipulli.
Nikaanza kuiombea radhi lafudhi yangu;
akainua kiganja kama askari wa barabarani.
"Sura tatu za mwanzo zilinilaza usingizi.
Ya nne, nikasikia mtu.
Nimekuletea na kitabu cha jinai. Usibadilike."

Tulichemsha viazi vya mwisho vya mama
juu ya jiko lile,
Bi Hortensia akatoa chumvi kwenye droo ya stempu.
Eleuterio akala vinne.
Nilipomwambia rangi yake alisema
zambarau kwake ni neno tu,
ila hiki kina udongo ndani, udongo anaujua.

Mtihani? Alama nne nukta moja.
Alipenya tundu la sindano,
na hadi leo ananilaumu:
swali la pili lilikuwa palepale penye chafya.

Sasa ni mwaka wangu wa nne.
Ufunguo wa chumba kile unaning'inia shingoni mwangu,
saa moja asubuhi napasua kuni,
na wasomaji wapya nawapa taulo kabla ya kitabu.
Mvua inanyesha. Sijui ni siku ya ngapi.

Jumapili mama alipiga simu.
Hauliziagi masomo, huuliza kama nina soksi.
Safari hii alitaka kuusikia huo usomaji wenyewe,
"huo wa bure unaokunyima kuja likizo."
Nikaweka kinasa sauti karibu na simu,
nikamwachia jirani wa juu na jirani wa chini,
dakika kumi na mbili, pamoja na chafya.

Kimya. Nikadhani laini imekatika.
Kisha mama:
"Na huyo wa juu,
mwishowe alizibua?"