Neno Ndugu Haliguswi

Alhamisi, saa mbili usiku, kijana wa ofisi
aliniletea bahasha hapa karakanani, Igogo,
akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akakataa kuketi.
Ndani, karatasi moja: majina kumi na moja ya kufuta,
kumi na moja ya kuandika,
na chini kabisa sahihi ya mtu
ambaye sijawahi kumwandikia kibao.

Vibao vya Kamati Kuu naviandika mimi.
Viti ishirini na vinne, vibao ishirini na vinne,
mninga mtupu, niliupasua kwa msumeno wangu
mwaka Chama kilipojenga ukumbi ule wa kandoni mwa ziwa.
Watu husema kamati hubadilika kwa kura.
Sibishi.
Mimi naijua kwa msasa.

Kila kibao kina NDUGU, halafu jina.
Hiyo NDUGU nyekundu sijaigusa tangu siku ya kwanza:
naifunika kwa utepe isikwaruzwe,
kisha nasugua kilichobaki.
Rangi ni ghali, na ndugu ni ndugu
hata asipokuwa yule yule.

Jina la saba lilikuwa Lugembe.
Sagala Lugembe, aliyenitoa Mwaloni
nilikokuwa napaka namba za mitumbwi
kwa shilingi tano na fungu la dagaa;
aliyekesha na mama yangu wodini Bugando
mimi nikiwa nimekwama Ukerewe, kivuko kimeharibika.
Nilianza na lake ili niliache nyuma.
Nikala L, nikala U, nikala G.
Nilipofika kwenye M, akabisha hodi.

Hakuja na neno. Alifuata kiti cha mkewe,
mguu mmoja niliutia gundi Jumatatu.
Nikakitupia kibao gunia la pumba.
Lakini vumbi la mninga lina wekundu, hunata kwenye jasho,
na mikono yangu ilikuwa imelivaa jina lake
mpaka viwikoni.

Akaitazama. Nje visubi vya ziwani
vilikuwa vimeifunika taa hadi ikawa kama inatokota.
"Wangapi?"
Nikasema, gundi haijashika vizuri, mzee,
mama asikikalie kabla ya Jumamosi.
Akacheka kidogo, kama mtu aliyepaliwa na ugali.
"Sugua kwa kufuata nyuzi," akasema.
"Usije ukaharibu ubao wa watu."
Akakibeba kiti begani, miguu juu,
akapotea kati ya mawe.

Asubuhi redio ikatangaza: amepangiwa majukumu mengine.
Wiki mbili baadaye nikamwona sokoni
akichagua nyanya, mojamoja, akizibonyeza kwa kidole gumba,
mtu mwenye mchana mzima mbele yake.
Muuzaji akamwambia, baba, nunua au acha.
Nikapita upande wa pili.
Mpaka leo sijui kwa nini nilipita upande wa pili.

Aliyechukua nafasi yake ni Nyamizi Bujiku,
kijana, mhandisi wa pamba, anaongea haraka.
Alikuja mwenyewe kukiona kibao chake kabla ya kikao,
akakipitisha kidole, kushoto kwenda kulia,
na kidole kikashuka.
"Mbona jina langu liko shimoni?"

Ningemwambia nini?
Kwamba kabla ya Lugembe alikuwepo Mafuru,
aliyekwenda kutibiwa nje akarudi akakuta kiti kina mtu;
na kabla ya Mafuru, mmoja nisiyemkumbuka tena
ila kwamba jina lake lilikuwa refu, nikabana herufi?
NDUGU imebaki juu kama ukingo.
Majina yanazidi kuteremka.
Nimepima kwa rula: zimebaki milimita nne.

Nikamwambia, ni mtindo.

Akaridhika. Akakichukua,
akaenda kukisimamisha ukumbini mahali pake,
kiti cha saba, ubavuni mwa dirisha,
na upepo wa ziwani ukakiangusha mara mbili
kabla hajapata kikombe cha kukiegemeza.