Droo ya Tatu

Ijumaa, saa tisa, mvua nyembamba ya Machi.
Naingia dukani kwa Zdzisław kama mtu asiye na haja,
nafuta viatu, nasema nimepita tu.
Hainui macho kwenye redio aliyoipasua tumbo.
"Angalia," asema. "Macho hayalipiwi."

Hapa palikuwa ghala la nafaka, ubavuni mwa reli.
Treni haisimami tena Wierzbnica.
Viti vimepandana miguu juu kama mende waliopinduliwa.
Kuna sahani za kaure za watu kumi na wawili, zimebaki tisa;
kitanda cha mtoto, ukingo umetafunwa na meno ya kwanza;
picha ya harusi ya watu wasiojulikana na yeyote,
inauzwa kwa ajili ya fremu.
Nagusa hiki, nauliza bei ya kile,
nainusa taa: mafuta, vumbi, supu ya kabichi ya mtu fulani.
Nachelewa makusudi.
Ninachokifuata kiko nyuma kabisa,
kando ya dirisha lenye ufa.

Kabati la jikoni. La mwaloni. Kimo cha mtu mrefu.
Nililiuza mwenyewe mwezi Novemba,
wiki mbili baada ya kumzika mama,
kwa bei ambayo sitaitaja.
Kwangu, ghorofa ya nne, dari ni fupi.
Nilipima mara tatu
nikitumai futikamba itanidanganya.

Bibi Apolonia alilikuta tu.
Treni ilimshusha mwaka wa arobaini na sita
na beseni la shaba na kuku wawili,
akapewa ufunguo wa nyumba yenye sahani bado mezani.
Wenyewe, watu wa lugha nyingine,
walikuwa wameondoshwa juma lilelile.
Mgongoni mwa kabati, kwa chaki: Hanne, 1931,
na mstari, kimo cha mtoto.
Bibi alisugua kila kitu, akapaka chokaa hata banda la kuku.
Mstari ule hakuugusa.
Wala hakusema "kabati letu." Alisema "lile kabati,"
miaka arobaini.

Droo ya tatu ilimtesa msimu mzima wa baridi.
Hapakuwa na wa kumuuliza.
Alivuta, alitukana, alipaka sabuni,
hata siku moja mkono ukaelewa kabla ya kichwa.

Leo kuna watu mbele yake.
Kijana ana futikamba; msichana ana rangi kwenye kucha,
rangi ya ukuta, si ya urembo.
Kijana avuta droo ya tatu. Avuta tena.
"Mbao zimevimba, Kinga. Tuombe punguzo."
Aweka goti.

"Inua kushoto," nasema.
Sauti imetoka bila ruhusa yangu.
"Kidogo tu. Sasa vuta,
kama unamwamsha mtu usiyetaka ashtuke."

Droo ikaja.
Ndani, harufu ya kisibiti, na mpira mmoja wa mtungi wa achari.
Redio ikanyamaza nyuma yangu.
Hapo ndipo nilipoisoma karatasi ya bei:
tarakimu imekatwa, ikaandikwa kubwa zaidi,
imekatwa tena, kubwa zaidi tena,
Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa kalamu ileile.
Nikamgeukia Zdzisław. Naye akaangalia viatu vyake.
"Unasemaje, Bi Halina?"

Nikaitaja ile bei ya Novemba.
Akaitikia kwa kichwa, hakutia hata senti ya faida.

Walilibeba watatu, likatangulia mgongo,
na mlangoni mvua ilikuwa imenenepa.
"Hanne ni nani?" msichana akauliza.
Sikuwa na jibu, na chaki ilikuwa imeanza kulowa.
Nikavua koti langu, nikalifunika kabati mgongo,
nikafunga mikono yake kwenye nguzo za kigari.
"Utalirudisha lini?" Zdzisław aliita,
lakini hakuwa ananiuliza mimi,
na wao walikuwa wameshawasha injini.

Nilipanda ngazi za ghorofa nne nikitetemeka.
Sikuwauliza wanakaa wapi.