Boksi Chini ya Injini

"Imepona," kasema Shaame, akijifuta mikono
kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe.
Mara ya tatu hiyo naambiwa imepona.
Ya kwanza ilikuwa kizibo cha rejeta.
Ya pili, themostati.
Leo gasketi. Kanionyesha ile kuukuu,
imeungua pembeni, upana wa ukucha wa mtoto:
hapo ndipo maji yalipokuwa yakiingia kwenye oili
kama mgeni asiyepiga hodi.

Nikamlipa. Shukrani nikabaki nayo.

Usiku, nyumbani Machomanne,
nikalikunjua boksi la mafuta ya kula
nikalilaza chini ya injini, upande msafi juu.
Bi Sichana kachungulia dirishani:
"Gari nayo siku hizi yatandikiwa?"

Alfajiri, maji ya udhu hayajanikauka,
nikalivuta, nikalisoma kwa tochi ya simu
mstari kwa mstari, kama barua ya posa.
Nyayo za paka. Jani la mdalasini.
Tone, hakuna.

Nikachomoa kijiti cha oili:
ile rangi ya chai ya maziwa imetoweka,
imebaki rangi ya asali.
Nikafungua rejeta, injini ingali baridi,
nikawasha, nikainama kungoja viputo.
Maji yametulia tuli, yananitazama.

Bado.
Injini husema uongo penye tambarare.
Nikapakia magunia manne ya karafuu ya shemeji,
nikashika njia ya zamani ya Wete,
ile yenye kona kama utumbo wa mbuzi,
hadi mlima ule, ule ule,
tulipokwama Mfunguo Mosi na bi harusi ndani,
Raya, hina mbichi mikononi,
hawezi hata kujipepea,
na mvuke wa boneti unapanda kama buhuri
na wajomba wanasukuma kwa kanzu zao nyeupe.

Nikazima redio. Gia ya pili.
Sindano ya joto ikapanda, ikapanda,
ikafika katikati
ikakaa kitako.

Kileleni nikasimama, nikaweka kiganja juu ya boneti:
joto la mtu mzima asiye na homa.
Watoto walioanika karafuu wakauliza,
"Imeharibika?"
"La. Naisikiliza."

Nikampigia Shaame.
"Haijachemka."
"Si nilikwambia?"
"Umeniambia mara tatu."
Kimya. Kisha akacheka, nami nikacheka,
na shukrani nikampa, yote, na ya zile mara mbili.
"Basi litoe lile dumu la maji huko nyuma," kasema,
"lanitia aibu."
Nikamwambia nitalitoa.

Dumu lipo. Lita ishirini, kamba nyekundu shingoni.
Na Raya, Ijumaa, alipopanda na mwanawe kwenda kliniki,
kabla hajafunga mlango
kaligonga kwa kisigino
asikie kama limejaa.