Kozi ya Hiari, Kredi Mbili

Karatasi ilibandikwa mlangoni pa sekretarieti:
kozi kumi na moja za kuchagua, chapa imefifia.
Mimi wa Sheria nilitafuta iliyo nyepesi,
yenye mtihani wa kukariri na kiti cha nyuma.
Nikaweka alama palipoandikwa "Hewa na Ukuta",
nikidhani ni falsafa.

Haikuwa falsafa.
Jumamosi alfajiri, asistanti Nzigire
aligawa makoleo kama mtu agawaye mikate:
Kakule wa Jiolojia, Masika wa Uuguzi,
Byamungu wa Uchumi aliyekuja na viatu vyeupe,
na mimi, sheria ya ardhi kwapani.
"Anayejua kila kitu arudi nyumbani," akasema.
"Nauli nitamlipia."

Bulengo. Jiwe jeusi lenye vitundu,
linakula soli, linakula ngozi ya kiganja.
Nyuma ya nyumba ya mama Feza, penye bonde,
Kakule aliwasha mshumaa akainama nao polepole:
kiunoni unawaka,
gotini unawaka,
kifundoni
umezimika. Hakuna upepo, hakuna aliyepuliza.
"Mazuku," akasema. "Hewa nzito. Hutuama chini kama maji."
Masika hakuandika kitu. Aliuliza mtoto hulala wapi.
Mama Feza akaonyesha mkeka.

Basi tukachora, tukafuta, tukagombana.
Byamungu alihesabu sima, mifuko minne, akakata mmoja,
Kakule akaurudisha nusu.
Mimi nikafungua hati ya kiwanja: mpaka wake ulikuwa mti,
na mti ule ulikwenda na moto wa mlima
kabla sijazaliwa.
"Andika mpaka mpya," Nzigire akasema,
"na uuandike kwa lugha anayoisoma mwenyewe."

Nilijifunza timazi: uzi, na mwisho wa uzi risasi,
risasi ambayo safari hii inaning'inia tu.
Nilijifunza kwamba "msingi",
neno nililolitupa miaka mitatu katika hoja zangu,
lina uzito, na huponda kidole gumba.
Sakafu ikapanda. Sentimita tisini juu ya mauti,
na ngazi tano nadhifu mbele ya mlango.

Siku ya kukabidhi, mama Feza aliizunguka
mara mbili, bila haraka,
kama anayenunua mbuzi.
Kisha: "Na chukudu?"
Hatukuelewa.
"Mwanangu huleta makala usiku. Chukudu haipandi ngazi.
Ataiacha chini, naye atalala nayo chini, isiibiwe."

Byamungu alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa na rangi tena.
Hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza
nyumba ile inaingiwa na nani, na saa ngapi, na kitu gani mkononi.

Tukabomoa ngazi. Wiki mbili nje ya ratiba
tukajenga mteremko mrefu, mpole,
mama Feza amesimama juu, kidole mbele:
punguza hapo; ongeza kokoto;
hapo gurudumu litateleza mvua ikinyesha.
Kwenye ripoti, penye "walimu wa kozi",
niliongeza jina lake kwa kalamu.
Sekretarieti ikalifuta.

Tulipata kumi na mbili juu ya ishirini.
Sababu: kuchelewa.

Siku hizi ninashinda na kesi za viwanja,
mipaka ya miti isiyokuwapo.
Juu ya mafaili ipo pimamaji
niliyosahau kuirudisha, au niseme ukweli, sikutaka.
Ndani ya kioo chake kuna tone la hewa,
dogo kama punje ya mtama,
hewa iliyofungwa isiyoua mtu.
Nikiegemea, linakimbia.
Nikitulia, linarudi katikati. Karibu katikati.
Meza yangu ina mguu mmoja mfupi.
Nimeuwekea karatasi ya matokeo,
imekunjwa mara nne.