Waya wa Saba

Kabati lilikuja kutoka Narva, mtumba wa benki iliyofungwa,
juu ya tela la shemeji yangu Heino,
limekazwa kamba kama ng'ombe apelekwaye mnadani.
Tulilishusha wawili, vidato kumi na kimoja,
hadi ghala la viazi chini ya jiko.
Katikati ya ngazi Heino akauliza:
"Leelo, kwani friji haikutoshi?"
Sikumjibu. Pumzi yangu nilikuwa nimeiwekea chuma.

Novemba nzima nilikaa huko chini.
Saa tisa alasiri Tartu imeshaingia giza,
viazi nimevisukuma pembeni, vinanukia udongo,
nami nimepiga magoti, bisibisi mdomoni.
Swichi juu. Chini yake seva mbili,
moja nimeinunua, nyingine nimeiunga
kwa mabaki ya kompyuta za shule.
Diski sita. Betri chini kabisa, nzito kama deni.
Feni zilipoamka mara ya kwanza
paka alihama nyumba siku mbili.

Ila nyaya ndizo zilizoninyima usingizi.
Miaka ishirini na miwili nilikaa mbele ya ubao wa simu,
nikichomeka Võru kwenye Tallinn,
mama kwenye mwana, mgonjwa kwenye daktari,
na ikifika jioni ubao umesokotana
kama nywele za mtu aliyekurupuka.
Hakuna aliyetutaka tupendeze. Walitutaka tuwahi.

Sasa muda ninao.
Kila waya niliukata kwa kipimo chake,
nikaulaza kwa mwenzake kama msuko wa bibi harusi,
nikaubandika jina: JIKO. LANGO. CHUMBANI. KUKU.
Ndiyo, kuku. Banda lina kipimajoto.
Kuku wangu wana mtandao
na shemeji yangu hana.

Wasemao kizuri chajiuza
hawajawahi kuwa na kizuri kilichokaa ghalani.
Jumamosi nikaalika watu.

Aita wa nyumba ya tatu alileta pai ya tufaha na mjukuu wake.
Kaljo, mlangoni, alivua kofia.
Heino alipiga hesabu ya umeme kwa sauti, senti kwa senti.
Nikazima balbu.
Kijani, kijani, kahawia, kijani,
mji mdogo uonekanao kutoka ndegeni.
"Inapumua," Kaljo akanong'ona,
nami nikajitia kurekebisha kola, shingo imerefuka yenyewe.
"Inafanya kazi gani?" Aita aliuliza.
"Inatunza," nikasema.
Picha za harusi yako. Kwaya ya Kaljo, hata ile siku waliyokosea.

Ndipo Joosep, miaka tisa, kidole kina jamu:
"Huu wa saba hauwaki."
Akainama, akachungulia nyuma ya kabati.
"Hauendi popote."

Zikasikika feni peke yake.

Kati ya wa sita na wa nane palikuwa na pengo,
pengo la jino, na mimi sikuweza kulivumilia.
Ningeweza kudanganya. Mtu wa simu anajua namna:
laini ina shughuli, tafadhali subiri.
"Mzima," nikasema. "Ni wa kupendeza tu."

Heino alicheka hadi akakalia viazi.
Joosep hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu,
fundi kwa fundi:
"Kama kifungo cha juu cha shati.
Hakifungwi, lakini kisipokuwepo utaonekana."

Usiku nilishuka na soksi ili niung'oe.
Nikaushika kwa vidole viwili, ukalia kidogo, ukatoka.
Tundu jeusi likanitazama.
Nikaurudisha.
Kisha nikawasha mashine ya vibandiko,
herufi sita, nikazibana kwa ukucha:
UREMBO.

Nikazima taa, nikapanda.
Nikakumbuka viazi vya kesho,
nikashuka tena.